Siku Nilipoitafsiri Picha ya Fundi Projestus

Vijana wangu, mkifika hapa kwangu Kibeta mnakaa, mnakunywa chai, halafu macho yanakwenda ukutani. Najua kinachofuata. Mmoja atakohoa kidogo, atanyoosha kidole kwenye ile picha ya mwanamke anayeuchana mto kwa kitana, na kuuliza, "Mzee, hii inamaanisha nini?" Mimi nitawauliza kama chai imekolea. Mkiuliza tena, nitatoka nje kumwangalia ng'ombe. Wengine mmeondoka mkisema mzee ana kiburi, wengine mkasema kumbukumbu zimemtoka. Kumbukumbu ninazo zote, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Leo nitawaambia kwa nini sijibu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, kuanzia Bukoba mjini hadi visiwa vya Muleba, kabla ya hizi mashine zenu za kuchapa bango zima wakati mteja anasubiri. Nilianza kwa aibu. Bango langu la kwanza lilikuwa la mama mmoja aliyefungua hoteli jirani na soko. Alitaka maneno manne tu: HOTELI BORA CHAKULA RAHISI. Nikayaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, nikasogea nyuma kujipongeza. Nilikuwa nimeandika HOTERI BOLA CHAKULA LAHISI, kama tulivyotamka nyumbani sisi ambao Kiswahili tulikikuta shuleni.

Bosi wangu, Fundi Projestus, alilisoma kwa sauti mara mbili. Hakucheka.

"Sweetbert," alisema, "mwenye hoteli ni Mhaya na wateja wake ni Wahaya. Watakula tu. Lakini bango tunamwandikia mgeni. Mgeni akipotea kwa ajili ya herufi yako, dhambi ni yako."

Akanipa kitambaa na chupa ya tapentaini. "Futa. Ufute mpaka mbao isahau."

Fundi alikuwa mtu wa Kitendaguro, umri kama miaka hamsini, mwembamba, mke wake amefariki siku nyingi, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Deus. Asubuhi yote tuliandika mabango. Mchana, rangi inapokauka na hakuna cha kufanya, alikwenda nyuma ya banda letu la kazi kuchora picha zake mwenyewe. Turubai za wachoraji hatukuwa nazo. Alifumua gunia la kahawa, akalipigilia misumari kwenye fremu ya mbao, akalipaka uji mzito wa muhogo uliochanganywa na gundi, akaliacha juani, akalisugua kwa msasa, akalipaka tena. Mara tatu. Ukiruka mara ya tatu, gunia linakunywa rangi yako yote na baada ya miezi sita picha inatoka magamba kama samaki. Nawaambia hili kwa sababu nami niliwahi kuruka.

Picha zake hazikufanana na kitu chochote mlichowahi kuona. Ng'ombe amesimama juu ya ziwa na dirisha limefunguliwa ubavuni mwake, mwanamke anachungulia. Kiti kinachonyonyesha. Siku moja alinionyesha mgomba uliozaa kandili badala ya ndizi, kandili zote zinawaka mchana kweupe. Mimi nikataka kuonekana mwerevu.

"Fundi, hapa unamaanisha elimu. Taa ni elimu, na mgomba ni sisi Wahaya."

Akanipa ndoo ya brashi nikazioshe. Niliporudi nikakuta ameigeuzia picha ukutani.

"Zilikuwa kandili ngapi?"

Sikujua.

"Mwanga ulikuwa unaangukia upande gani wa mgomba?"

Sikujua.

"Ile ya tatu kutoka chini ina nini?"

"Sijui, Fundi."

"Imepasuka kioo. Sasa wewe umeijua maana yake kabla hujaiona. Ni kama mtu anayesema matoke hayana chumvi kabla sufuria haijafunuliwa."

"Kwani wewe hujui maana yake?"

"Mimi najua ilikuja lini. Nilikuwa kibanjani nakata majani makavu ya migomba, ikaja. Nikaogopa kidogo, nikafurahi kidogo. Nikaichora ili niione tena. Iangalie uone kama na wewe utaogopa na kufurahi. Usipoogopa wala kufurahi, basi, hatujagombana."

Tangu siku hiyo akanifundisha kuangalia kama alivyonifundisha kushika brashi. Kwanza unasimama mbali, unaacha rangi zikufikie kabla ya vitu. Kisha unasogea na kutaja kimoyomoyo kila kilichopo, kwa jina lake la kila siku: huu mguu, hii kamba, huyu ndege. Ukifika kwenye kitu kisicho na jina, unabaki hapo muda mrefu zaidi. Neno "inamaanisha" lilikuwa na adhabu yake, ndoo ya brashi. Mwaka wa kwanza niliosha brashi nyingi sana.

Halafu vikaja vita.

Sikuwa askari, kwa hiyo ya mstari wa mbele muwaulize waliokuwako. Mimi nilikuwa bandani nikisikia mizinga kutoka kaskazini ikitikisa makopo ya rangi kwenye rafu. Watu wa ng'ambo ya mto Kagera walipita barabarani na magodoro kichwani, mbuzi, watoto, mashine ya cherehani imebebwa na wanaume wawili kama maiti. Mabango hayakuwa na mteja. Kazi iliyobaki ilikuwa kupaka rangi nyeusi taa za malori, tukiacha upenyo wa kidole ili dereva aone na ndege isione.

Katika wiki zile Fundi alichora kilima, na juu ya kilima samaki sita wanaogelea hewani. Chini, kwenye udongo, kulikuwa na macho matano yamefunguka kama mashimo ya viazi. Aliiacha nje ikauke. Kila mtu alikuwa anatafuta wapelelezi wakati huo. Wakapita wanaume watatu wenye marungu, kutoka wapi hasa sikuwahi kujua, wakasimama mbele ya picha.

"Mzee, hii ramani umemchorea nani?"

"Si ramani. Ni samaki."

"Samaki wanaruka? Hizi ni ndege. Na haya macho ni mahandaki yetu. Mangapi? Matano. Inamaanisha nini?"

"Haimaanishi kitu, ndugu zangu. Ni samaki na macho."

Wakamchukua. Alirudi siku ya tisa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki tena, na hadi mwisho wa maisha yake alishika brashi kwa vitatu. Alikaa juu ya kopo la rangi, akanisimulia kama mtu anayesimulia safari ya sokoni.

"Siku saba niliwaambia kweli, kwamba haina maana. Kila niliposema hivyo walinipiga. Siku ya nane nikachoka. Nikasema samaki ni umoja wa wananchi, na macho ni kukesha kwetu dhidi ya adui. Wakafurahi, Sweetbert! Mmoja akanipa sigara. Wakaniambia, si ungesema mapema, mzee."

Tulicheka siku ile. Nilicheka mimi hasa. Niliona ni kisa cha watu wajinga wenye marungu. Sikujua kwamba rungu si lazima, ujinga wenyewe unatosha, na kwamba mimi ninao.

Vita viliisha, na baada ya miaka michache likaja lile jingine. Sisi hatukuwa na jina la ugonjwa. Tuliuita Juliana, kwa jina la mashati ya kupendeza yaliyokuwa yakivushwa kwa magendo kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa sababu waliotangulia kukonda walikuwa wafanyabiashara vijana waliovaa mashati yale. Mnaona tulivyoanza? Hata hujui ni kitu gani, tayari umeshakitafutia maana kwenye shati.

Kazi yetu ikageuka. Zamani tuliandika MADUKA, sasa tuliandika misalaba. Kwanza mmoja kwa wiki, halafu kila siku, halafu seremala wa jirani akawa anatuletea kumi kwa pamoja, imepakwa nyeupe tayari, tunaiegemeza ukutani ikisubiri majina. Msalaba una ufundi wake. Herufi zake hazina kivuli wala nakshi. Majina yetu ni marefu na mkono wa msalaba ni mfupi, kwa hiyo pima jina lote kwa penseli kabla ya kugusa rangi, la ubatizo mkono wa kushoto, la ukoo wa kulia, mwaka wa kuzaliwa chini. Niliandika wateja wangu. Nilimwandika yule mama wa hoteli, safari hii bila kosa hata moja. Miaka ya kuzaliwa ikaanza kufanana na wangu. Mkono ukawa unaandika peke yake, na mimi nikiwa mahali pengine.

Na kila msiba ulikuwa na maelezo. Bundi alilia. Jirani alikataa kupeana mkono. Marehemu aliota maji. Sasa ni mzee, naweza kulisema: ugonjwa ule haukuwa na maana yoyote, na tungeweza kuvumilia karibu kila kitu isipokuwa hilo.

Deus, mtoto wa Fundi, alikuwa mmoja wa wale wavusha mashati. Alirudi nyumbani Kitendaguro akiwa mfupa. Mke wake, Kokugonza, binti wa Muleba upande wa Kamachumu, tulizoea kumwita Koku. Walikuwa na mtoto wa miaka miwili, Adventina. Koku alimuuguza mumewe miezi saba. Nilikuwa nafika pale karibu kila siku kumpelekea Fundi rangi, na nilimwona kwa macho yangu haya akimlisha uji kwa kijiko, akisubiri ameze, akimfuta, akianza tena. Alimfulia shuka mtoni mara tatu kwa siku. Wakati huo ndugu wa damu walikuwa wanasalimia kutoka mlangoni. Naomba mkumbuke kwamba haya niliyaona.

Tulipomzika Deus, Fundi hakulia. Siku iliyofuata alifumua magunia mawili, akayashona pamoja, akachora wiki tatu bila kupokea kazi. Ndiyo picha ninayotaka mwione.

Ilikuwa na ukubwa wa mlango. Ziwa lilikuwa juu, mahali pa anga, na migomba chini, majani yake yakigusa maji ya juu. Juu ya majani ulikaa mtumbwi uliojaa maziwa, na ndani ya maziwa kijana amelala, uso tu uko nje. Pembeni yake alisimama mwanamke mwenye nywele za kijani akimmiminia sikioni kitu cheusi kutoka kwenye kibuyu. Mwanamke alikuwa anatabasamu, ana mwanya. Nyuma yao alisimama mbuzi amevaa viatu vyeusi vya kiume, vinang'aa, kamba zimefungwa vizuri. Na bluu ya lile ziwa, vijana wangu, sijawahi kuipata tena kwa kuchanganya. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa chini, nikaogopa na kufurahi.

Siku chache baadaye Fundi alipatwa na kiharusi. Upande mmoja ulikufa, na ulimi pamoja nao.

Siku ya kumaliza matanga ya Deus, ndugu walikusanyika. Picha ilikuwa sebuleni, imeegemea ukuta, hapakuwa na pengine pa kuiweka. Fundi alikuwa amelazwa chumba cha ndani, mlango wazi. Mwenye kuongoza alikuwa dada yake, Shangazi Skolastika. Msimfikirie kuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wake watatu katika miezi kumi na minne, na wa nne alikuwa ameanza kukohoa. Alikuwa anatafuta mahali pa kushika, kama mtu anayezama.

Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Kisha akaniita.

"Sweetbert, wewe ndiye mkono wa kulia wa kaka yangu. Hii aliichora baada ya kumzika mwanawe, na sasa kinywa chake kimefungwa. Hapa ameacha neno. Tusomee, waitu, tafadhali."

Watu kama ishirini wakanigeukia. Wazee wa ukoo, katekista, wanaume waliokuwa wakinipita barabarani bila salamu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na hapakuwahi kutokea mtu wa kuniuliza jambo zito maishani. Nilipaswa kusema maneno mawili: "Ni picha." Ningeweza kuwaambia wahesabu majani. Badala yake nikakohoa, nikashika mikono nyuma kama mwalimu.

"Kijana huyu ni Deus," nikasema. "Maziwa ni nyumbani kwao, ni malezi mema. Ziwa liko juu, maana yake mambo yamepinduka. Kile cheusi ni kifo. Anakipokea akiwa usingizini, yaani bila kujua."

"Na mbuzi?" aliuliza katekista.

"Mbuzi ni hila."

Wakaguna wote kwa pamoja. Ule mguno ulikuwa mtamu, siwezi kuwaficha. Niliendelea kuongea hata sikumbuki kila nilichosema. Nilipotulia, Shangazi alikuwa ameisogelea picha karibu kabisa.

"Ana mwanya," alisema.

"Nani?"

"Huyu anayemimina."

Vichwa vyote vikageuka. Koku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, sinia la vikombe mkononi. Alikuwa na mwanya. Alikuwa nao tangu siku nilipomfahamu.

"Kaka Sweetbert," alisema polepole, "waambie. Waambie kwamba hujui."

Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri. Nikasema, na haya maneno nimeyabeba hadi leo, "Mimi nimesoma kilichochorwa tu, dada."

Ndani ya chumba tulisikia kishindo. Tulipokimbilia tulimkuta Fundi sakafuni. Alikuwa amejiangusha kutoka kitandani na anajikokota kwa mkono mmoja kuelekea mlangoni, kinywa kimepinda, anatoa sauti moja tu, "a, a, a," na machozi yanamtoka. Nilipiga magoti kumwinua. Juu ya kichwa changu nikamsikia Shangazi Skolastika akisema kwa wale waliokuwa nyuma, "Mnaona? Anathibitisha."

Jua lilikuwa bado juu Koku alipotolewa. Walimpa furushi moja na kumwambia aende kwao akawaue wa kwao. Hakubisha. Alimfunga Adventina vizuri mgongoni, akapita katikati ya kibanja alichokipalilia miaka minne, akashika barabara ya kwenda Muleba kwa miguu. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya nyumba. Alinipita hatua tano. Sikusema neno, mimi niliyekuwa msemaji hodari.

Kesho yake nilimpelekea Fundi uji. Aligeuza uso ukutani. Nikarudi keshokutwa, akageuza. Alikula kwa mkono wa mtu yeyote, hata kwa watoto wa jirani, isipokuwa wangu. Nilijaribu kwenda kwa Shangazi na kumwambia kwamba nilikosea, kwamba picha za Fundi hazisomwi hivyo. Aliniambia, "Ulisema kweli kabla hujapewa cha kunyamazia." Neno likishatoka halina tapentaini.

Fundi aliishi miezi minne. Karibu na mwisho nilipiga magoti upande wa ukutani, pale ambapo angelazimika kuniona, nikasema, "Fundi, nisamehe." Aliniangalia. Mkitaka kuniuliza macho yale yalisema nini, sijui. Yalikuwa mekundu. La kushoto lilikuwa na chozi lililokaa kwenye kope bila kudondoka. Nilichoona ni hicho, na sitaongeza.

Tulimzika kibanjani kwake. Wiki ile ile Shangazi aliniita akaniambia niiondoe picha ndani ya nyumba, inamtazama. Niliing'oa kwenye fremu, nikaikunja, nikaiweka juu ya kenchi za paa nyumbani kwangu. Zile picha nyingine za banda alinipa pia. Nilipozitandaza kuzifuta vumbi, ndipo nilipoona nilichopaswa kukiona miaka yote niliyoosha brashi. Mwanamke aliye kwenye dirisha la ng'ombe ana mwanya. Anayeuchana mto ana mwanya. Kila mwanamke aliyewahi kuchorwa na Fundi Projestus alikuwa na mwanya. Nikamuuliza mzee mmoja wa Kitendaguro aliyemfahamu marehemu mke wake. "Yule?" alisema. "Alikuwa na mwanya wa kupitisha njugu." Sisemi basi kwamba mwanamke wa kibuyu alikuwa mke wake. Huo ungekuwa ujinga wangu wa pili. Nasema tu kwamba sikuwa nimeangalia.

Ikapita miaka sita. Mabango ya mjini yalipungua, nikaanza kwenda visiwani Muleba kuandika majina ya mitumbwi. Kazi ya mtumbwi ni ngumu: lazima mbao ikauke kabisa, usipake asubuhi kabla umande haujatoka, na herufi ziwe nene kwa sababu maji yanakula kutoka pembeni. Wavuvi wa kule walitoka kila mahali, Ukerewe, Mara, Kigoma, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amekimbia nini. Huko, kwa wavuvi wawili tofauti, nilisikia habari za mama mmoja Mhaya mpika chakula kwenye mwalo mmoja wa kushushia samaki, mwenye mwanya.

Safari iliyofuata niliibeba picha.

Nilimkuta nyuma ya chanja za kuanikia dagaa, katika kibanda cha mabati na matete, akichochea ugali. Alikuwa amekonda. Khanga ilimzunguka mara mbili. Alinitambua kabla sijafungua kinywa, akaendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, akauepua, akafuta mikono.

"Umekuja kuandika mitumbwi?"

"Nimekuja kwako."

Nilimwambia yote, hata lile la mguno uliokuwa mtamu. Nilimwambia nimelibeba miaka sita. Kisha nikaitandaza picha juu ya mabenchi mawili, nikaishikilia pembe kwa makopo mawili ya rangi. Aliisogelea. Siku ile ya matanga hakuwahi kuiona vizuri, alikuwa anahudumia watu.

"Kwa hiyo ilikuwa na maana gani?" aliuliza.

"Sijui, Koku. Hata siku ile sikujua."

"Siku ile ulijua."

Nje mtu alikuwa anapiga mtumbwi nyundo. Koku alipitisha kidole juu ya ile bluu, bila kuigusa, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Baba mkwe alinipenda," alisema. "Hakunichukia. Hilo sihitaji wewe uniambie."

Kisha akamwita mtoto. Adventina alikuja anakimbia, magamba ya dagaa hadi kwenye viwiko, miaka minane sasa. Aliiangalia picha kwa kichwa kilichoinama upande mmoja, akaanza kuhesabu kitu kwa midomo, halafu akacheka kicheko cha ghafla kilichonishtua.

"Mama! Mbuzi kavaa viatu vya kwenda kanisani! Na kafunga kamba mwenyewe!"

Koku alimwangalia mtoto, akaiangalia picha, na pembe ya mdomo wake ikasogea. Ule mwanya niliuona kidogo tu.

Alinipakulia ugali na samaki, akaniwekea mbele. "Kula," alisema. "Kisha uende. Mtumbwi wa saa tisa haumsubiri mtu." Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Nilikula chote, nikaondoka, picha nikawaachia.

Koku alifariki mwaka uliofuata, na mtoto alichukuliwa na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki aliyempenda, wakahamia mialo ya mbali. Nilipata habari zote mbili kwa pamoja, nimechelewa. Lakini sitaki kuwaacha hapo. Nitawaambia nilichoona nikiondoka siku ile.

Mtumbwi ulipokuwa unasukumwa majini niligeuka kutazama kibanda. Adventina alikuwa ametoka na picha nje, ameitundika kwenye matete ya ukuta, amechuchumaa mbele yake na mikono kwenye mashavu. Alikuwa ameigeuza juu chini. Ziwa lilikuwa chini sasa, mahali pake, na mbuzi alikuwa anatembea angani. Nilisimama kwenye mtumbwi, nikafungua kinywa nimpigie kelele kwamba ameikosea. Nahodha akaniambia nikae, nitawapindua. Nikafunga kinywa, nikakaa, nikamwacha aangalie.